Likizo ya Gofu Ufukweni: Baba Uwanjani, Mama na Watoto Wapi?



Barua iliyo mbele yangu juma hili imetoka Bwera. Imeandikwa na mama mmoja ambaye mumewe ni askari polisi katika mpaka wetu wa Mpondwe, na jina lake nalihifadhi kama ilivyo desturi ya safu hii. Anaeleza kwamba mumewe alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa migodi ya Kilembe, na kwamba utotoni alikuwa akibeba mifuko ya fimbo za gofu ili apate ada ya shule. Sasa ameweka akiba kwa miaka miwili, likizo yake ya mwaka imekaribia, na kustaafu kwake hakuko mbali. Anachotaka ni kimoja tu: kwenda Mombasa kucheza gofu katika kiwanja kilicho juu ya majabali ya bahari, kiwanja ambacho alikuwa akiwasikia wazee wa klabu wakikisimulia naye akitembea nyuma yao na mfuko begani.

Mama huyu hakatai. Ila anauliza mambo mawili. La kwanza, yeye na watoto watatu watafanya nini huko, au wanapelekwa kulinda mabegi barazani pa klabu? La pili, ambalo kwa hakika ndilo linalomkosesha usingizi, nyumba yao ya kijijini imesimama kwenye linta tangu mwaka jana, na fedha za mabati zimo katika akiba hiyo hiyo.

Nitaanza na hilo la pili, maana mengine yote yanalitegemea. Mama wa Bwera, mabati yanunuliwe kabla ya tiketi. Sisemi fedha zitengwe, nasema mabati yanunuliwe, yaletwe, yahesabiwe na kuhifadhiwa mahali pakavu, pamoja na misumari yake na mbao za kenchi. Fedha iliyotengwa katika bahasha huliwa njiani. Bati halina mdomo wala haliazimwi na shemeji. Baada ya hapo hesabuni kilichobaki. Kikitosha kuwapeleka watu watano Mombasa na kuwarudisha, pamoja na malazi ya siku sita na kitu kidogo cha dharura, nendeni. Kisipotosha, msikope. Iko safari ya pili iliyo fupi zaidi, nayo nitaieleza hapa chini, kwa kuwa najua wako wengi kambini wenye hamu hiyo hiyo na mfuko mdogo kuliko huo.

Nawe afande, ukiyasoma haya, usinikunjie uso. Hamu yako naielewa. Wako watu wanaodhani gofu ni mchezo wa wenye matumbo makubwa tu, na hawajui kwamba wachezaji wengi wa kulipwa wa Uganda na Kenya walianza kama ulivyoanza wewe, kwa kubeba mifuko ya wengine na kujifunza kwa macho. Kilembe ilikuwa na kiwanja chake tangu enzi za kampuni ya shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, ikawa inateremshwa hadi Jinja kuyeyushwa, kisha Mombasa kupakiwa melini. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni ya abiria haifiki kwetu tena. Mto Nyamwamba nao, kwa mafuriko yake ya Mei 1, 2013 na yale ya Mei 2020, umebomoa nyumba na madaraja katika bonde lile na kuitia hasara kubwa hospitali. Kwa hiyo mtoto wa Kilembe anayetaka kwenda kuiona bahari ile iliyopokea shaba ya baba zake hafanyi anasa tupu. Anafuata njia iliyokuwa ikipita mlangoni pao.

Sasa, kwa nini gofu na bahari hutajwa pamoja? Jambo hili lina asili yake. Mchezo huu tunaoujua ulikulia katika pwani ya mashariki ya Uskochi, kwenye vipande vya ardhi ya mchanga vilivyo kati ya mashamba na maji. Ardhi hiyo haikufaa kwa jembe. Nyasi zake zilikuwa fupi kwa sababu kondoo na sungura walizila, na mashimo ya mchanga ambayo leo hutengenezwa kwa makusudi yanasemekana kuwa yalianza pale kondoo walipojichimbia kuukwepa upepo. Basi watu wakapata kiwanja ambacho hakuna aliyekipanda wala kukifyeka.

Wanajeshi watafurahi kusikia kwamba mara ya kwanza gofu inapotajwa katika sheria, inatajwa kwa kupigwa marufuku, na sababu yenyewe ni ya kijeshi. Mwaka 1457 Bunge la Uskochi, chini ya Mfalme James wa Pili, liliamuru gofu na kandanda viachwe, kwa sababu vijana walikuwa wakizembea mazoezi ya upinde, na adui wao Mwingereza alikuwa mlangoni. Amri hiyo ilirudiwa mwaka 1471 na tena 1491, nanyi mnaojua maisha ya kambi mnafahamu maana ya amri inayorudiwa mara tatu: hakuna aliyeitii. Mwaka 1502, amani na Uingereza ilipotiwa sahihi, Mfalme James wa Nne mwenyewe alinunua fimbo za gofu, na kumbukumbu za hazina yake zinaonyesha kwamba alizinunua kwa fundi wa kutengeneza pinde. Fundi yule alikuwa na akili. Vita vilipokoma, mikono ile ile ikapata kazi nyingine.

Huko Uskochi uko mji wa St Andrews, ambao kiwanja chake kikongwe ndicho kilichoipa dunia hesabu ya mashimo 18, hapo mwaka 1764. Kabla ya hapo kilikuwa na 22. Lakini lililonipendeza zaidi kuhusu kiwanja hicho ni hili: ni mali ya umma wa mji, na kwa kawaida siku ya Jumapili hakichezwi. Jumapili watu wa mji hukatiza humo kwa miguu, akina mama na watoto na mbwa wao, juu ya majani yale ambayo wageni husafiri nusu ya dunia ili wayakanyage. Kwetu viwanja vingi vina uzio na mlinzi, na mtoto anayetoka nje ya uzio huingia kwa njia moja tu, ile ya kubeba mfuko. Nasema hivyo bila kumlaumu mtu, ila nalisema.

Akina mama waliozoea kusikia kwamba mchezo huu ni wa wanaume wasikilize na hili. Malkia Mary wa Uskochi alishutumiwa na mahasimu wake kwamba mwaka 1567, siku chache tu baada ya mumewe kuuawa, alionekana akicheza gofu. Kama ni kweli au ni fitina za baraza la mfalme, wanahistoria wangali wanabishana.

Twende safarini. Kutoka Kasese mtapanda basi mpaka Kampala kwa njia ya Fort Portal na Mubende. Wale niliowaahidi safari fupi, yenu yaishia karibu na hapo. Klabu ya Entebbe, ambayo historia yake huanzia mwaka 1901, ni miongoni mwa klabu kongwe za gofu katika Afrika Mashariki, na kiwanja chake kinateremka kuelekea ziwani. Maji hayana chumvi, lakini upepo upo na kituo cha basi hakiko mbali. Baba anapocheza, familia ina Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, na kituo cha wanyama ambamo watoto watamwona simba bila kumtafuta siku nzima kama tufanyavyo katika hifadhi yetu ya Queen Elizabeth. Mkitoka hapo nendeni Jinja. Kiwanja kiko jirani na Nile, na kwa miaka mingi klabu ile ilisifika kwa kanuni yake ya kumruhusu mchezaji kuuokota mpira ulioangukia katika unyayo wa kiboko bila adhabu. Watu wa Ulaya hucheka wakisikia kanuni hiyo. Mtu wa Kasese hacheki, anauliza tu kiboko mwenyewe alikuwa wapi. Kwa familia ya askari yenye watoto wadogo, siku mbili Entebbe na mbili Jinja ni likizo kamili, wala asiidharau mtu.

Wanaoendelea watavuka mpaka kwa Busia au Malaba. Raia wa Uganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, lakini watoto wasio na vitambulisho watafutiwe hati zao mapema, si usiku wa kuamkia safari. Na kwa askari jeshi na askari polisi, liko jambo linalotangulia yote: karatasi ya likizo si ruhusa ya kutoka nje ya nchi. Omba ruhusa hiyo kwa maandishi kwa mkuu wako, uipate kwa maandishi, na nakala abaki nayo mama. Nimewahi kusikia habari za safari iliyoishia getini kwa sababu baba alidhani neno la mdomo la afande mmoja lingetosha kwa afande mwingine.

Mkipitia Kisumu, mwambie baba awasimulie watoto habari za Klabu ya Nyanza. Kanuni yake ya mwaka 1950 inasimuliwa duniani kote, kwamba mpira ukitua karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji aweza kuudondosha mwingine mahali pa salama, pasipo karibu zaidi na shimo, wala asiongezewe mkwaju. Kutoka Nairobi, pandeni treni iliyoanza kazi mwaka 2017. Safari ni ya saa tano au sita, inakata katika Tsavo, na watoto wakae upande wa dirisha maana tembo huonekana. Tiketi ikatwe siku kadhaa kabla, hasa nyakati za sikukuu na shule zinapofungwa. Mimi nashauri treni ya asubuhi, kwani kupita Tsavo gizani ni kuwanyima watoto nusu ya nauli yao.

Tumefika Mombasa. Klabu ya Gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911. Kiwanja chake kina mashimo tisa, na anayetaka 18 hukizunguka mara mbili akianzia sehemu tofauti. Kiko ukingoni mwa kisiwa, juu ya jabali, sambamba na barabara ya Mama Ngina, na chini yake ndipo meli hupita kuingia bandari ya Kilindini. Si jambo dogo kusimama pale na fimbo mkononi, meli kubwa kama kijiji ikipita chini yako imebeba makontena, ukajua kwamba baadhi ya mzigo ule utafika mpaka Mpondwe, pengine uukague wewe mwenyewe.

Kwa mchezaji aliyezoea Kilembe, nina maneno matatu. Kwanza, hewa ya usawa wa bahari ni nzito kuliko ya kwetu, kwa hiyo mpira hausafiri mbali vile vile. Chukua fimbo yenye nguvu zaidi kuliko unayoidhani. Pili, upepo. Kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba huvuma kusi, na kuanzia Novemba hadi Machi huvuma kaskazi. Muulize mbeba mfuko wa pale kabla hujapiga, na umwamini, maana yeye ndiye aliyekulia katika upepo ule. Wewe uliyekuwa kazi hiyo hiyo hutashindwa kumlipa vizuri. Tatu, mpira ukienda baharini umekwenda. Usiinamie jabali kuutazama.

Na uandike barua, au upige simu, kabla ya kufika. Klabu nyingi huwapokea wageni kwa ada ya siku, na mgeni aliye mwanachama wa klabu yoyote ya kwao aje na barua ya katibu wake, huenda akapunguziwa. Kaptura za mazoezi na fulana zisizo na kola haziruhusiwi katika viwanja vingi. Fimbo zaweza kukodiwa, jambo ambalo litawaondolea adha ya kuburuta mfuko mzito kutoka Kasese, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kwa mtu anayesafiri na watoto watatu.

Haya, mama na watoto wapi? Katika kiwanja hiki cha Mombasa, jibu ni rahisi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Ufukwe wa kupumzikia wa Mama Ngina, uliotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, uko pale pale kando. Ipo mibuyu ya kale, yapo mabenchi, na wako wauzaji wa mihogo ya kukaanga inayonyunyiziwa ndimu na pilipili, pamoja na madafu. Mkae hapo asubuhi, mtazame meli, na baba akimaliza mashimo yake tisa awafuate. Nimesema tisa. Mashimo 18 katika joto la Mombasa yatamrudisha kwenu saa nane mchana akiwa hana maneno wala miguu, na siku itakuwa imekwisha.

Alasiri ni ya Ngome ya Yesu, na hapo namtaka baba awepo, kwa kuwa ndiye atakayewaeleza watoto. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya fundi Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala akanyoosha viungo vyake. Askari yeyote akiingia humo ataona mara moja ilivyopangwa: kila pembe inailinda pembe ya jirani, hakuna ukuta ambao adui angeusogelea bila kupigwa kutoka ubavuni. Hata hivyo ngome ilianguka. Waomani waliizingira mwezi wa Machi 1696, na kuzingirwa huko kuliendelea hadi Desemba 1698, yaani karibu miezi thelathini na mitatu. Kuta hazikuvunjwa na mizinga. Kilichowamaliza waliomo ndani ni maradhi na njaa. Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao walikufa mmoja mmoja, pamoja na wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia humo, na mwishoni waliosimama kuilinda walikuwa wachache wa kuhesabika. Moja ya meli zilizoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama mwaka 1697 mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliichunguza kuanzia mwaka 1976 hadi 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho yaliyo ndani ya ngome.

Mimi hukaa pale muda mrefu kuliko wengine wanavyopenda. Historia ya vita huandikwa kwa majina ya makapteni, lakini pale ndani mtu anayaona mabirika ya maji, na akiyaona anaelewa ni nani hasa aliyekuwa akipigania siku moja zaidi: ni yule aliyegawa maji kwa kikombe. Baadaye ngome iligeuzwa gereza, toka 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho mwaka 1962, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Viingilio hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni, kwa hiyo beba vitambulisho vya wote na uulize langoni watu wa Afrika Mashariki hulipa kiasi gani. Mtoke kwa miguu kuingia Mji wa Kale, mpite Msikiti wa Mandhry unaoaminika kujengwa karibu na mwaka 1570, na msiwapige watu picha bila kuwaomba.

Siku nyingine, mkipita barabara ya Jomo Kenyatta, simameni kwenye sanamu za askari. Ni ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndugu wa zile zilizoko Nairobi na Dar es Salaam. Uganda nayo ilikuwa na kikosi chake katika KAR, kile cha nne, kilichopigana Tanganyika katika vita hivyo na baadaye Burma katika vita vya pili. Familia nyingi za kambini zina babu wa namna hiyo ambaye hakuna picha yake. Hapatozwi kiingilio, na dakika kumi zatosha.

Nyali iko ng'ambo ya daraja, na klabu yake ya mashimo 18 ilianzishwa mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika kwetu. Baba akienda huko, mama ana mengi. Karibu na njia panda ya Kengeleni ipo kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele hiyo ndiyo iliyopapa mahali jina. Upo pia ukumbusho wa Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na katika mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wake mchanga. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Watoto, lakini, watataka Hifadhi ya Haller huko Bamburi, na wana haki. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, shimo tupu jeupe, hadi Bwana René Haller alipoanza kupanda mivinje mapema miaka ya 1970. Ndiko alikopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyepotezana na wenzake katika tsunami ya Desemba 2004, akamfuata kobe mzee kana kwamba ni mama yake. Mtu aliyetoka katika bonde la Nyamwamba ataitazama misitu ile iliyoota katika machimbo na kuwaza ya kwao.

Mengine nayapitia haraka. Vipingo, kiasi cha kilomita arobaini kaskazini, kuna kiwanja kizuri kinachotazama bahari kutoka kilimani, ila bei yake si ya mshahara wetu. Diani, upande wa kusini, kuna mashimo 18 kati ya mibuyu, mbega juu ya miti, na msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo ambao wazee wa Kidigo huwaongoza wageni ndani yake. Lakini kuna kuvuka kivuko cha Likoni kwenda na kurudi, na katika likizo ya siku sita ningepaacha kwa safari nyingine. Askari jeshi mwenye nafasi ya kufika Dar es Salaam asikose kuuliza habari za Lugalo, kiwanja cha mashimo 18 kinachomilikiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambacho kimewalea wachezaji wazuri, wanawake kwa wanaume. Mwanajeshi huko hahitaji kueleza kwa nini anapenda gofu.

Kuhusu watoto na bahari. Watoto wa Kasese wanajua maji ya chumvi kutokana na Ziwa Katwe, kwa hiyo ladha haitawashangaza. Kitakachowashangaza ni kujaa na kupwa. Katika pwani ile maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi siku za bamvua, na mtoto aliyetembea kufuata samaki na kaa kwenye miamba wakati wa kupwa aweza kujikuta maji yamempitia nyuma. Muulizeni mvuvi saa za maji kila asubuhi. Wavae viatu vya plastiki kwa sababu ya miiba ya urumba, wasiogelee peke yao, na baba asiye na ujuzi wa kuogelea asijifanye anao mbele ya watoto.

Upande wa matumizi, mama, nakushauri mgawane kitita kabla ya kuondoka. Nauli na malazi zilipwe kwanza. Kinachobaki kigawiwe mara mbili: sehemu yake ya viwanja, wabeba mifuko na mipira itakayopotea, na sehemu yako ya viingilio, chakula na leso mbili za mtaa wa Biashara. Yake ikiisha, imeisha. Asije kuiomba yako. Kwa siku sita naona acheze mara tatu tu: mara mbili pale jabalini, asubuhi, mashimo tisa tisa, na mara moja Nyali, siku kamili. Siku tatu zilizobaki fimbo zisitajwe. Chakula kisiwape hofu: mahamri na mbaazi asubuhi huwashibisha watoto kwa fedha kidogo, na samaki wa kupaka mle siku moja tu, siku ya Nyali, baba akirudi amechoka.

Mwishoni mwa barua yako, kwa herufi ndogo kana kwamba unaona haya, umeuliza kama mwanamke wa umri wako aweza kuujaribu mchezo wenyewe. Mwaka 2019 wanawake wa kulipwa wa Ulaya walikuja kushindana pale Vipingo, akashinda Mjerumani, Esther Henseleit. Mwaka 2023 alishinda Aditi Ashok wa India. Hao ni mabingwa, nawe hukuulizia ubingwa. Siku atakayocheza Nyali, fika mapema, uombe muda mfupi katika uwanja mdogo wa mazoezi ya kusukuma mpira shimoni. Hapo hapahitaji nguvu, panahitaji jicho na utulivu wa mkono, na mtu aliyewahi kupima unga kwa watoto watatu mwisho wa mwezi anavyo vyote viwili. Vaa viatu bapa visivyo na kisigino, na mwambie mzee wa nyumbani asimame nyuma yako, akubebee mfuko.